Unga Umeumuka

Iwapo maneno ya Kiswahili yanakukimbia, yafuate jikoni.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari nchini Uganda, ambako wengi wetu hukutana na lugha hii shuleni, si nyumbani. Jumamosi moja nilioka mkate na binti yangu pamoja na mtoto wa jirani, mvulana wa miaka minane ambaye darasani hufumba kinywa akiambiwa asome. Niliandika hatua: chekecha unga, tia chumvi, tia hamira, mimina maji, kanda, funika, oka. Binti alishika bakuli. Mvulana nilimkabidhi karatasi.

Alinyamaza. Mikono ya mwenzake ilikuwa ungani, ikimngoja. Hatimaye akasoma, silabi kwa silabi. Mstari wa hamira aliuruka, nami kwa makusudi sikumsahihisha.

Saa moja ikapita, unga ukabaki vile vile. Akairudia karatasi mwenyewe, akaweka kidole juu ya neno, akasema, "Hili nililiruka."

Tuliyeyusha hamira katika maji vuguvugu, tukaukanda unga upya. Baadaye alifunua kitambaa akapaza sauti: "Umeumuka!" Zingatia, mwanafunzi: hamira huumua, unga huumuka. Tofauti hiyo aliiona kwa macho kabla ya kuiona ubaoni.

Uraia nao huanzia hapo. Anayewasomea wenzake tangazo la kijiji akiruka neno, wote watakula mkate mgumu. Basi soma kwa sauti, mbele ya mtu anayekungoja.