Kioo cha Mkono wa Kushoto

Marehemu baba yangu aliniachia gari la Peugeot 404, aina ileile ambayo Bert Shankland alishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967. Baba hakuchoka kulisimulia jambo hilo, utadhani yeye ndiye aliyeshika usukani. Gari lenyewe lilikuwa na kioo kimoja tu cha pembeni, upande wa dereva. Enzi zake kilimtosha. Katika Dar es Salaam ya leo, ambamo bodaboda hupita kushoto na kulia, hakitoshi. Nililitambua hilo siku nilipokata kona ya kushoto nikasikia breki zikilia na mtoto akipiga ukelele. Alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki, amevaa sare za shule. Hakuumia. Mimi ndiye niliyeshindwa kushuka, magoti yakinitetemeka.

Kesho yake nilimpelekea kioo fundi mmoja wa kando ya barabara. Akatoboa mlango kwa keekee, akakaza skrubu, akapokea ujira wake. Nusu saa tu, nami nikaondoka nimefurahi. Masika yalipofika, zulia la mbele likaanza kunuka uvundo. Na baada ya masika ya pili rangi ya chini ya mlango ikavimba. Nikaibonyeza kwa kidole, kidole kikapenya.

Sikiliza basi kilichotokea, maana huenda nawe unalitunza gari la mzee wako. Kingo za tundu jipya hazina rangi, na hewa ya pwani ina chumvi. Hapo kutu huanza mara moja. Maji ya mvua nayo yalipita kandokando ya skrubu yakaingia ndani ya mlango. Kwa kawaida mlango huwa na vitundu chini vya kutolea maji, lakini chembe za bati zilizotokana na keekee zilikuwa zimedondokea humo, zikashika kutu na kugandamana na tope, vitundu vikaziba.

Baada ya kuunga bati jipya, mara hii nilifanya kazi mwenyewe pamoja na binti yangu. Niliketi kwenye usukani, naye akawa anakisogeza kioo juu ya mlango mpaka nikaona ubavu wa gari na ukingo wa barabara. Tukashusha kwanza kioo cha dirisha, tuhakikishe skrubu haitakigusa. Tukabandika utepe wa gundi ili keekee isiteleze, tukatoboa kwa ncha nyembamba kisha nene, tukalainisha kingo kwa tupa, na chembe zote tukazinasa kwa sumaku. Tukapaka rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya gari, tukangoja hadi kesho yake. Hapo ndipo mafundi wengi hushindwa, kwa kuwa hakuna mteja anayelipia subira.

Chini ya kikalio cha kioo tuliweka mpira, na kuzunguka tundu tukapaka gundi ya kuziba maji. Jihadhari na silikoni inayonuka kama siki: harufu hiyo ni ya asidi, nayo hula chuma. Kwa ndani tuliweka washa pana, kwani bati jembamba likitikisika, gundi huachia.

Kioo tulichochagua kimebinuka kidogo. Huonyesha eneo kubwa, ila pikipiki huonekana iko mbali kuliko ilivyo, na ilinichukua majuma kadhaa kuzoea.

Mwishowe binti aliingia ndani na tochi, akatandaza gazeti kuukuu chini ya mlango. Mimi nikamimina ndoo mbili za maji juu ya kioo, polepole. Akapiga kelele kwamba pana tone moja. Moyo ukanishuka. Tulipotazama vizuri, lilitoka kwenye mpira wa dirisha, ule wa tangu enzi za baba.