Safari Ndefu Huanzia Kwenye Kalenda

Ifikapo katikati ya Desemba, simu zetu hujaa maneno ya kutakiana heri: safari njema, Mungu awatangulie, mfike salama. Ni maneno mema, nami huyapokea kwa shukrani. Hata hivyo, katika miaka mingi ya kuendesha gari kati ya Dar es Salaam na Mbeya nimebaini kuwa ni wachache wanaouliza swali lenye uzito kuliko yote: mmejipa siku ngapi?

Tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takribani kilomita 830. Barabara hiyo hupita katika makazi mengi ambamo mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako dereva hana budi kupunguza mwendo kwa ajili ya tembo, twiga na nyati. Kisha hupanda Mlima Kitonga, nyuma ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Dereva anayetii alama zote, akipata wastani wa kilomita 60 kwa saa, amefanya vyema. Hizo ni karibu saa 14 za usukani, bila kuhesabu chakula wala foleni ya Kibaha. Anayejisifu kwamba hutumia saa 9 anatueleza, pasipo kujua, namna alivyovipita vijiji vya watu kana kwamba ni mapori.

Kwa sababu hiyo, mimi na familia yangu huigawa safari hii katika siku mbili na kulala Iringa, kilomita 500 hivi kutoka Dar es Salaam. Tukiondoka alfajiri, Mikumi tunaipita kukiwa na mwanga, na bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni tunalitazama badala ya kulikimbia. Vitunguu tunanunua wakati wa kurudi, ule wakati ambao Kitonga ni mteremko unaodai gia nzito, kwa kuwa breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Siku ya pili, kilomita chache baada ya Iringa, tuna nafasi ya kuingia Isimila, watoto waone zana za mawe za binadamu wa kale. Mbele yake, Mafinga, misonobari ya Sao Hill inatupokea kwa baridi. Raha na usalama wa safari hutoka katika mfuko mmoja, nao ni muda.

Maandalizi mengine hayahitaji maelezo marefu. Stika iliyobandikwa kiooni haishiki barabara; kinachoshika barabara ni tairi. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisome kabla ya kununua, hasa mtumba. Beba pembetatu za kuakisi mwanga, usije ukategemea matawi ya miti ambayo dereva wa usiku huyaona akiwa ameshayafikia. Abiria wa nyuma nao wafunge mikanda.

Lakini muda, ambao ndio msingi wa yote haya, mara nyingi haumo mikononi mwa msafiri. Mtumishi anayeidhinishiwa likizo jioni ya tarehe 22 Desemba ataendesha usiku. Atakayeitwa Mbeya kwa kikao cha saa mbili asubuhi, kwa barua iliyomfikia jana yake, naye ataendesha usiku. Haraka tunayoilaumu barabarani aghalabu imetiwa saini ofisini.

Niliwahi kusafiri kikazi katika gari la ofisi pamoja na mkubwa mmoja. Tulichelewa kutoka Dar es Salaam kwa sababu ya kikao, na usiku ulikuwa umekwenda sana tulipofika Makambako. Dereva aliuliza, kwa sauti ya chini, kama tungeweza kupumzika kidogo. Mkubwa alitazama saa yake, akasema tumebakiza kipande tu. Kipande hicho kilikuwa zaidi ya kilomita 150. Nikasema kwamba mimi siendelei, natafuta chumba hapo hapo. Baada ya ukimya, tukalala wote Makambako. Asubuhi, tukiwa wawili tu kando ya gari, dereva aliniambia: “Dokta, toka Mafinga nilikuwa naendesha kwa kubahatisha.”

Maneno hayo sijayasahau. Mtu mzima, mwenye leseni na uzoefu, alikuwa radhi kuhatarisha maisha ya watu watatu kuliko kumwambia mkubwa wake kwamba amechoka. Huo si uzembe wa dereva; ni uhusiano wa madaraka uliopakiwa ndani ya gari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Wanafunzi wangu wote wamo humo.

Basi kwa wenzangu walio maofisini: kibali cha safari kionyeshe saa ya kuondoka, mahali pa kulala na jina la dereva wa pili pale njia inapokuwa ndefu. Posho ya kulala njiani ni nafuu kuliko jeneza. Kwa wanafunzi na wanaharakati mnaokodi Coaster kwenda mkutanoni au msibani: chagueni mapema mtu mmoja wa kusimamia muda na mwendo, na mumtii hata wimbo ukiwa umenoga. Na sote tunaomulikiana taa kuonyana kwamba mbele pana tochi ya trafiki, tujiulize ni lini tulimulikiana kuonyana kwamba mbele pana watoto wanatoka shule.

Aliyeshika usukani awe na haki ya kusema amechoka, asipoteze kibarua kwa kuisema kweli hiyo. Sisi tuliokaa viti vya nyuma, tena wengi wetu tukiwa na vyeo, tuna wajibu wa kuuliza kabla hajalazimika kusema.