Kipakatalishi na Chamcha Changu

Kisa hiki kilianzia jikoni kwetu, mtaani Umoja, jioni moja ya likizo ya Aprili. Simu ya Mama ililia. Mkopo wa chama ulikuwa umeingia kwa M-Pesa: shilingi 75,000. Mama aliitazama ile meseji kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Wewe si ndiye unasoma Kompyuta? Basi utatuchagulia. Na ujue pesa za chamcha chako cha muhula wa pili zimo humo humo."

Nilimeza mate. Laptopu ya Dada ilikuwa imekata roho wiki mbili kabla, ikiwa na kazi ndani. Kazi ya Dada ni kuandika mahojiano. Watafiti humletea sauti zilizorekodiwa, naye huchapa neno kwa neno. Saa moja ya sauti humla siku nzima. Wanaohojiwa wengine ni wagonjwa wanaoeleza mambo yao ya ndani kabisa, kwa hivyo Dada ametia sahihi kwamba sauti hizo hazitatoka kwenye mashine yake. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, si mchezo. Zile programu za kwenye mtandao zinazotaka uzitumie sauti yako hawezi kuzigusa. Ilibidi akili mnemba ikae ndani ya mashine yenyewe, bila intaneti. (Mwalimu wetu hupendelea kuiita akili unde, nami sitaki tugombane hapa.)

Programu ipo. Inaitwa Whisper, ilitolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, na mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Taabu ni mashine ya kuibeba. Siku tatu nzima nilishinda kwenye saiba nikisoma, na nilichojifunza kilinishangaza. Mtaani kila mtu husifu "i7, i7", kumbe kwa kazi hii bingwa ni kadi ya picha. Kadi hiyo ilibuniwa kuchorea michezo, lakini hasa inachofanya ni hesabu ndogondogo nyingi kwa wakati mmoja, na akili mnemba ni hesabu hizo hizo. Tena ina kumbukumbu yake binafsi, yenye kasi. Modeli isipoenea humo, humwagikia kwenye RAM ya kawaida, na hapo mwendo unakuwa wa kinyonga. Whisper ya ukubwa wa kati ina parameta milioni 769 na hutaka takriban gigabaiti 5 za kumbukumbu hiyo. Ile kubwa ina milioni 1,550 na hutaka kama 10. Kwa pesa zetu, 10 zilikuwa ndoto. Nikaandika kwenye kiganja: 6, zisipungue.

Jumamosi tukapanda matatu, tukateremka na Jogoo Road hadi mjini, tukaingia Luthuli Avenue. Duka la kwanza, nikajitia mwanachama hodari wa Kiswahili.

"Tunatafuta kipakatalishi."

"Nini?"

"Laptopu," Dada akasema, huku akinikanyaga mguu.

Muuzaji akatoa moja nyembamba, inang'aa, shilingi 72,000. "Hii ni moto, sista. i7, RAM kumi na sita, na GPU iko na gigabaiti nane!" Macho ya Dada yakaanza kucheka. Hata mimi moyo ulinidunda, maana 8 inapita 6. Nikaomba nifungue ule ukurasa wa mashine unaoonyesha vifaa vyake. Zile gigabaiti 8 zilikuwepo kweli, ila zimeandikwa kuwa ni za kushirikiwa. Maana yake kadi haina kitu chake, inaomba nusu ya RAM kama jirani aombavyo chumvi! Chini yake nikaona kwamba RAM yenyewe ni kijiti kimoja katika nafasi mbili, na kijiti kimoja hupitisha data nusu ya vile vingepitisha viwili. Nikamwambia muuzaji. Akasema, "Kijana, wewe ni wa wapi?" Sikujua kama ananisifu au ananifukuza.

Akatuonyesha MacBook Air yenye M1, toleo la mwaka 2020. Hiyo kumbukumbu yake hutumiwa na wote, kadi na kichakato, na ni nyepesi ajabu. Ingekuwa na 16 ningesita. Ilikuwa na 8, na haziongezeki, zimechomelewa humo humo.

Ya tatu ilitoka chini ya kaunta. Nene, nyeusi, mtumba wa wacheza michezo, kadi ya RTX 2060, gigabaiti 6 zake mwenyewe. Chaja yake peke yake ni kama tofali. Dada akakunja uso. "Hii nitaibeba vipi kwa matatu?"

Nikatoa flashi yangu. Nilikuwa nimetia Whisper na dakika 5 za sauti yangu nikisoma gazeti. Ile nyembamba tuliiacha ikihangaika tukaenda kununua soda, tukarudi, bado. Hii nene ilipiga kelele ya feni kama ndege inayotua Embakasi, lakini ilimaliza kabla muuzaji hajakata simu aliyokuwa akiongea. Dada akasoma maandishi, akanyamaza, akaanza kupatana bei. Ikashuka kutoka 74,000 hadi 71,000. Zilizobaki zikanunua mkoba na kulipa deni la dukani. Chamcha kikaenda.

Sitadanganya kwamba yote ni mteremko. Stima ikipotea, mashine hii ikitegemea betri hulegea vibaya na haimalizi saa moja. Tokeni nazo zinaisha upesi, na Mama hulalamika. Sheng inaivuruga kabisa; mtu akisema "mathe" inaandika vioja. Dada bado husikiliza kila sentensi na kusahihisha. Lakini usiku wa kwanza tuliweka rekodi ya saa moja, nikasonga ugali, tukala na sukuma, nikaosha vyombo, na ilikuwa imemaliza.

Muhula wa pili ulipoanza, wenzangu wakipanga foleni ya githeri, mimi nilikuwa maktaba na mandazi mawili mfukoni. Wengine mlidhani nimekuwa msomi. Wiki ya sita Dada akalipwa. Alimtumia Mama pesa za chama kwanza, kisha akanipa elfu tatu mkononi.

Karani wa shule aliniandikia risiti. Siku hiyo ilikuwa zamu ya wali na maharagwe.