Mjane asiyesema

Tangu nilipoacha ualimu, siku ya posho jioni naenda kutazama teatre hapa Lubumbashi, na daftari langu mkononi. Sisi tuliokulia na vichekesho vya Mufwankolo tunajua kupima mchezo: kama mama wa sokoni hajacheka, haujaiva.

Mwezi uliopita vijana wa mtaa wetu walicheza habari ya urithi. Mashemeji walibeba godoro, sufuria, hata pazia. Watu walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Mimi nilipofiwa na mume wangu, walibeba mpaka mashini yangu ya kushonea. Na yule mjane pale mbele hakupewa hata neno moja.

Mwishoni nikamwita kiongozi wao. “Mwanangu, mmecheza vizuri. Lakini mjane wenu ni bubu?”

Akainamisha kichwa. “Mama, hatukujua aseme nini.”

Nikavuta kiti. Tuliongea mpaka mlinzi akazima taa.

Siku ya posho inayokuja wanaurudia. Mje na mito, maana benchi za nyuma ni ngumu.