Kericho, na jambo lisilojazwa kwenye fomu

Ukishaipita Narok ni ngano. Ukishaipita Bomet ni chai. Ndivyo alivyoniambia dereva wa matatu pale Nairobi, akanipa kiti cha mbele kwa kuwa mimi mgeni, na hakunidanganya. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam. Chai naijua ikiwa kwenye kikombe na kwenye pakiti ya dukani. Mti wake sikuwahi kuuona.

Kutoka Bomet hadi Kaplong tuliona vishamba vya watu: kipande cha chai, kipande cha mahindi, ng'ombe wawili katikati. Tulipoiacha Litein vishamba vikapungua, mashamba ya kampuni yakaanza, nami nikanyamaza. Kilima kizima kimepunguzwa sawasawa kama kichwa cha mtoto mkesha wa Idi, na nyuma yake kingine, na kingine tena, hadi macho yanachoka. Nikamwuliza dereva ni nani anayekata hivi. "Zamani mikono. Siku hizi mashine." Akaniambia jinsi mashine hizo zilivyochomwa moto Mei 2023, watu wakilalamika kwamba zinawalia kazi. Alisimulia bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Kericho nilipokewa na baridi. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hapa ina miadi yake: asubuhi jua, alasiri inashuka. Nilikuja na mashati ya Dar. Mwenyeji wangu, rafiki niliyefanya naye kazi miaka ya nyuma, aliniangalia mara moja tu, akaenda kuniletea koti la kaka yake. Jioni mama yake akanimiminia mursik kutoka kwenye kibuyu. Nilipoona maziwa yana rangi ya kijivu nilidhani majivu yameingia kwa bahati mbaya. Yameingia kweli, ila kwa makusudi: kibuyu husuguliwa ndani kwa kijiti kilichochomwa, kisha maziwa huachwa yagande humo. Ni makali, yananukia moshi, na kikombe cha pili niliomba mwenyewe.

Kilichonileta huko ni habari niliyowahi kuisoma, nikaona lazima nipaone mahali penyewe. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, maafisa wa Kiingereza waliorudi bila mkono au bila mguu walianzishiwa koloni lao hapa Kericho, kwenye ardhi ya Wakipsigis, ekari 25,000 hivi. Waliliita Koloni la Maafisa Walemavu la Afrika Mashariki ya Kiingereza, kwa kifupi BEADOC. Walime kitani, ndiyo yaliyokuwa mawazo, kwa sababu bei ya kitani baada ya vita ilikuwa imepaa. Bei ikaanguka, koloni nalo likaanguka katika miaka michache tu, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zinapanda chai huku. Ardhi haikurudi kwa waliokuwa nayo.

Kutwa nzima mwenyeji alinizungusha kwa pikipiki. Nilitafuta walau jiwe lenye maandishi sikuliona. Niliona chai tu. Nilikasirika kidogo, nakiri. Mtaa wetu wa Kariakoo ulikuwa kambi ya wapagazi wa vita hiyohiyo, watu waliobeba mizigo ya jeshi vichwani. Makumi ya maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi mishahara yao haikuwafikia hata ndugu zao. Mwaka 1919 Uingereza ilipitisha sheria iliyompa askari wake aliyeumia haki ya pensheni na baraza la kukatia rufaa. Afisa aliyekatika mguu alikuwa na baraza, na juu yake shamba la mtu mwingine. Mpagazi aliyevunjika mgongo alirudi kwao kwa miguu.

Kesho yake nikakutana na mzee. Ni jirani wa mwenyeji wangu, alichuma chai ujana wake wote, kisha akawa mpakiaji wa magunia. Siku moja alianguka kutoka kwenye trela, nyonga ikavunjika. Nilimwamkia kwa "shikamoo", naye akacheka, akanipa mkono: "Nyinyi watu wa Tanzania mnatuzeesha haraka." Mkono wake ulikuwa na weusi wa utomvu wa chai kwenye mistari ya vidole, na alikuwa ameacha kuchuma siku nyingi.

Ameshikilia bahasha. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini. Huku wote wanaiita WIBA. Daktari anakadiria asilimia ya ulemavu wa kudumu. Mia kwa mia ni mshahara wa miezi 96, na aliye chini ya hapo hulipwa kwa kadiri yake. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga, na akijibiwa vibaya ana siku 30 za kwenda mahakama ya kazi. Hata Scotland wanaijua sheria hiyo. Wachumaji wa Kericho walipoishtaki James Finlay kule Edinburgh kwa kuumia migongo, mwaka 2023 majaji wa rufaa walilisimamisha shauri ili madai yapite kwanza kwenye WIBA, huku nyumbani.

Mzee alikuwa anapinga asilimia yake. Nikamwuliza kilichokosewa ni nini. Akatazama kama mwenyeji wangu yuko mbali.

"Mguu umepona. Mgongo ni hivyo tu. Lakini usiku, kijana, mimi ni mgeni kwa nyumba yangu."

Kwetu tungesema jogoo hapandi mtungi, na tungecheka, mradi jogoo ni wa mwingine. Dar kila nguzo ya umeme ina tangazo la mganga wa nguvu za kiume na namba yake ya simu, ila sijawahi kumsikia mwanamume akikiri la kwake barazani. Huyu alikuwa ananiambia mimi, niliyejuana naye saa moja tu. "Wewe kesho kutwa unaenda," akasema, kana kwamba amesikia ninachowaza.

Nyonga ikivunjika, mishipa ya fahamu na ya damu inayokwenda kwenye uume hupita humohumo, inaweza kukatika. Ni jeraha kama la mguu. Lakini siku ile daktari alimwuliza kama anaweza kubeba, kuinama, kupanda ngazi. "Hiyo ingine hakuniuliza. Daktari ni msichana, rika la binti yangu. Na kijana wangu alikuwa amekaa hapo hapo kando yangu." Basi halikuandikwa, na lisiloandikwa halina asilimia. Nikawaza wale maafisa wa kitani, kama nao waliketi mbele ya daktari wa jeshi wakaeleza habari za mkono tu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tulipanda matatu moja kwenda mjini: mimi, mzee, na huyo kijana wake. Mzee alikuwa anakwenda kwa daktari mwingine kupimwa upya. Mlangoni akageuka, akamwambia mwanawe abaki nje na mgeni, akaingia peke yake, akafunga mlango.

Kijana akakunja uso. "Mbona leo hataki niingie?"

Nikamwuliza Arsenal wanacheza lini.