Usiwapitishe Watoto Mikumi Usiku

Kihonda, Morogoro

Kwa mpwa mpendwa,

Hapa nyumbani wote wazima. Goti la mkazamjomba wako limetulia, na mpunga wa Dakawa umeanza kuingia ndani. Kilichomfanya mjomba wako ashike kalamu badala ya simu ni neno aliloletewa na mama yako Jumapili baada ya ibada. Kwenye simu ungeitikia “ndiyo mjomba” na mambo yangeishia hapo.

Inasemekana shule zikifungwa mwezi wa sita utawapakia watoto wote wawili kwenye gari lako la IST Ijumaa jioni ukitoka kazini, upite Chalinze na Morogoro usiku, uvuke Mikumi gizani, upambazukiwe Iringa, na mchana wa Jumamosi muwe Ruaha. Jumapili mgeuze, mrudi Dar kwa njia hiyo hiyo. Na sababu ya kuchagua usiku, kwa maelezo ya mama yako, ni kwamba watoto watakuwa wamelala, hawatauliza kila baada ya dakika tano kama mmefika.

Safari yenyewe ni jambo jema, na mjomba wako hataki aeleweke vingine. Wako watoto wengi wa Dar es Salaam wanaomjua tembo wa kwenye katuni tu, ilhali Mikumi iko kilomita 280 hivi kutoka mjini, lami mpaka getini. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Mtanzania huingia kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni, na mtoto ambaye hajafika miaka mitano halipiwi kitu, kwa hiyo kitinda mimba wako ataingia bure. Baba anayetaka wanawe waone mali ya nchi yao anastahili sifa, na hapa Kihonda umesifiwa. Kinachomkosesha mjomba wako usingizi ni huo usiku.

Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, bila uzio. Wanyama walikuwapo kabla ya lami, na njia zao za kwenda majini na malishoni zinaikata. Jua likishazama, wengi wao ndipo husogea: kiboko hutoka bwawani kwenda kula majani, simba huanza kuwinda, nyati hubadilisha malisho. Ndiyo maana kuna matuta, kuna vibao vya kilomita 50 kwa saa, na kuna ule ubao unaotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Wenye malori huuheshimu. Wenye magari madogo hupunguza mwendo kwenye tuta, kisha hulipiza kwenye tambarare.

Hesabu yake ni hii. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata mita 28 hivi kila sekunde. Likienda 50, hukata 14. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, na dereva aliyeshinda ofisini tangu asubuhi huhitaji zaidi. Taa zikiwa zimeshushwa ili zisimpofushe anayekuja mbele, mwanga wake huishia mita hamsini hivi. Nyati dume ni mweusi, harudishi mwanga, na anaweza kufikisha kilo 800. Twiga ni hatari zaidi kwa gari dogo: taa huonyesha miguu tu, na akigongwa, boneti hupita chini yake, kisha mwili mzima wa tani moja na ushee hushukia kioo cha mbele.

Mjomba wako aliijua barabara hii ingali ya vumbi, akiwa utingo, miaka ile Zambia ilipokuwa ikipitishia mizigo yake bandari ya Dar es Salaam kwa sababu ya mgogoro na Rhodesia. Baadaye alishika usukani wa lori lenye tela mpaka akastaafu, na hakuna mtu wala mnyama aliyewahi kuguswa na bampa lake. Hilo analisema bila haya, maana wapo katika ukoo waliodhani udereva ni kazi ya aliyeshindwa shule.

Usiku mmoja, miaka ya themanini mwishoni, alikuwa akishuka na shehena ya mahindi kutoka Makambako. Alipofika tambarare ya Mkata, gari dogo jeupe likampita kwa kasi. Haukupita muda akaziona taa zake zikitazama juu, ndani ya nyasi. Walikuwemo baba, mama na watoto watatu, wanarudi kutoka mazishini Njombe, na walikuwa wamechagua usiku kwa sababu hiyo hiyo yako: watoto walale.

Nyati waliyemwona siye aliyewaangusha. Yule alishavuka. Baba akamshukuru Mungu, akakanyaga mafuta tena, na wa pili akatokea nyuma ya yule wa kwanza, kwa kuwa nyati hutembea kwa kundi. Akamkwepa nusu nusu, akampata ubavuni, gari likaacha lami na kubiringika. Utingo wa mjomba wako alitaka kuruka chini akawatoe. Mjomba wako akamkamata mkono, maana kundi lilikuwa bado limesimama pande zote mbili za barabara na aliyejeruhiwa hakujulikana yuko wapi. Akapiga honi, akawasha taa zote, akalisogeza lori taratibu mpaka mlango wa utingo ukakaribiana na gari lililoanguka. Hapo ndipo wakawapokea watoto dirishani, mmoja baada ya mwingine.

Wawili walikuwa na michubuko. Wa kati, msichana wa miaka minne, alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha nyuma, usingizini, kama watakavyojinyoosha wanao. Alirushwa mpaka kwenye dashibodi na paja likavunjika. Simu za mkononi hazikuwapo. Lori lenye tela haligeuzwi barabarani usiku, kwa hiyo hawakuweza kurudi Mikumi mjini palipokuwa na hospitali ya karibu. Walikwenda mbele mpaka Morogoro, mama ameushika mguu wa mwanawe usitikisike, mtoto analia njia nzima, na kila tuta mjomba wako alilipanda kwa mwendo wa kinyonga. Mtoto alipona, akabaki anachechemea. Baba yake alikuwa mwalimu, mtu makini, hajaonja pombe maishani mwake. Hakukosea kitu kingine usiku ule isipokuwa saa ya kuondoka.

Kwa hiyo unaposema watoto watalala njiani, mjomba wako anasikia kwamba watoto watafunguliwa mikanda. Mzazi gani atamwacha wa miaka mitatu asinzie ameketi wima tangu Dar mpaka Iringa? Atalazwa, au atapakatwa mbele, na mbele ni pabaya kuliko nyuma, kwa sababu ndipo mfuko wa hewa unapofumuka kwa nguvu ya kumuumiza mtoto. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Nunua kiti cha mtoto kwa huyo mdogo. Vinauzwa Kariakoo, hata vya mtumba, na bei yake haifiki ya hizo rimu ulizobandika mwaka jana.

Ruaha iache isubiri. Ni hifadhi ya fahari, iliyopita kilomita za mraba 20,000 ilipoongezewa eneo la Usangu mwaka 2008, na tembo wake ni wengi kweli kweli. Lakini Dar mpaka Iringa ni kilomita 500 hivi, pamoja na mlima Kitonga ambako malori hupanda kwa kujikongoja na wenye haraka huyapita kwenye kona. Kutoka Iringa bado kuna zaidi ya kilomita 100 kufika getini, na IST imekaa chini. Watoto wakikua watayaelewa ya huko: kwa mfano Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi kwa sababu ya maji yanayochotwa kwa kilimo huko juu Usangu, na wanyama kubanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Wa darasa la pili ataanza kuuliza maswali yenye maana akifika la tano. Wa miaka mitatu atakumbuka joto na mbung'o.

Mikumi inawatosha. Ule uwanda wa Mkata ni wazi, mnyama huonekana mbali, na mwezi wa sita mvua imeshakatika kwa hiyo udongo mweusi hautalinasa gari. Asubuhi na alasiri wanyama wanatembea. Adhuhuri wanalala kivulini, na mtoto mdogo naye saa hizo analala, basi ratiba imejipanga yenyewe. Twende simba, twende simba, ni haraka ya watu wazima. Huyo mdogo akitaka kuwatazama ngedere robo saa nzima, mpe robo saa yake.

Mengine ni ya kukumbushana tu. Wasivae bluu wala nyeusi, rangi hizo huvuta mbung'o, na ndizo zinazotumika kwenye mitego yake. Vyandarua vya dawa muende navyo hata kama mlikopanga kulala wanasema vipo. Chakula kisifunguliwe madirisha yakiwa wazi penye nyani. Poti ya mtoto ikae ndani ya gari, ili asishushwe kichakani kukojoa; kushuka ni pale tu palipoandaliwa. Tembo akisimama na kutandaza masikio, rudi nyuma polepole, usipige honi. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata dakika za kulipia geti, na malipo yenyewe uwe na kadi au simu yenye salio. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, wasikukute nayo.

Sasa lile la moyoni. Desemba ulipita hapa Morogoro kwenda Dodoma na familia yako, ukajaza mafuta Msamvu, ukaenda zako. Habari zilifika Kihonda kabla gari lako halijafika Dumila. Aliyekushikisha usukani kwa mara ya kwanza ni mjomba wako, katika uwanja wa shule, ingawa kwenye harusi yako shukrani za udereva alipewa baba yako mdogo. Hayo yamepita, hayadaiwi. Yanatajwa kwa sababu nyumba ya kulala ipo, na ipo njiani.

Mkeo na watoto wanaweza kupanda treni ya SGR Ijumaa mchana wakafika hapa kwa muda wa takriban saa mbili, bila foleni ya Kibaha. Wewe ukitoka kazini mapema, njoo na gari, ulale. Jumamosi mkiondoka saa kumi na mbili, kunapokucha, mtakuwa kwenye geti la Mikumi kama saa moja na nusu, watoto wamekunywa uji. Lala huko usiku mmoja, Jumapili zunguka tena asubuhi, na saa nane mchana uwe umeshatoka hifadhini ili Chalinze isikukute gizani.

Mjibu mama yako kwanza, maana hajalala vizuri tangu Jumapili. Kisha piga simu hapa kabla ya Jumatano, useme mko wangapi na kama mtoto mdogo bado anakunywa maziwa usiku, ili yatafutwe.

Mjomba wako