Yerusalemu Ionekanavyo kutoka Wanyange

Hapa Wanyange watu wanaujua mji wa Yerusalemu kuliko wanavyoujua mji wa Arua. Wengi hawajawahi kukanyaga kaskazini mwa nchi yao wenyewe, lakini watakueleza Mlima wa Mizeituni uko upande gani wa mji, utapasuka vipi siku ya mwisho, na lango lipi la mashariki limezibwa kwa mawe. Ni ujuzi wa mimbarini na redioni. Nimekua nao na siucheki. Ila mtu anapoujua mji wa mbali kiasi hicho, ni haki aulizwe ujuzi wenyewe unawafanyia nini watu wa nyumbani kwake.

Mahubiri ninayoyasema hufuata njia moja karibu kila mara. Huanzia Danieli sura ya 9 na majuma yake sabini, hupita Zekaria, mahali ambapo mataifa yote yanakusanyika kuupiga mji, hufika Mathayo 24, kisha humalizikia Ufunuo. Juu ya njia hiyo hupandwa miaka ya karibuni kama vigingi: 1948, taifa la Israeli linazaliwa; Juni 1967, mji mkongwe unaingia mikononi mwao. Kilichobaki, tunaambiwa, ni hekalu la tatu, unyakuo, miaka saba ya dhiki kuu na Mpingakristo ameketi hekaluni.

Mpango huu huhubiriwa kana kwamba ni mkongwe kama Biblia yenyewe. Sivyo. Jinsi tunavyousikia, ulipangwa katika karne ya 19, hasa na mhubiri John Nelson Darby, kisha ukasambazwa na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909, ambayo ilichapa maelezo ya mtu chini ya ukurasa uleule wenye maandiko. Msomaji asiyekuwa makini hakujua moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Bibi yangu, Mlokole wa siku nyingi, alijua Biblia yake ya Kiganda kwa moyo. Alihubiri toba, na kurudisha mali ya watu uliyoiba. Hekalu la tatu sikumsikia akilitaja hata siku moja.

Baada ya vita vya Oktoba 2023 hali ilibadilika. Mhubiri mmoja, ambaye simtaji, alisimamisha hema karibu na kwetu kwa majuma mawili. Alikuwa na ramani kubwa ya kitambaa na fimbo ya kuonyeshea. Aliwaambia watu saa imefika, na kwamba mwenye busara hapandi mti atakaouacha. Shangazi yangu alirudi kutoka hemani akiwa ameamua: karo ya binti yake wa kidato cha tatu aliitoa sadaka. Mama alipomuuliza, alijibu, "Shule ya nini, dada, na Yerusalemu imeshazingirwa?" Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima akipalilia mihogo. Hema liling'olewa likaenda Iganga. Msichana aliporudi darasani, wenzake walikuwa wamemtangulia katika hisabati, na mpaka leo somo hilo linamsumbua.

Nadhani ningebaki na hasira ya karo tu, kama chuoni nisingesoma Kiswahili darasa moja na msichana kutoka Nabugoye, kilima kilichoko nje kidogo ya Mbale. Yeye ni Muyudaya, yaani Myahudi. Watu wakisikia hivyo hudhani ni mzaha, au ni dhehebu jipya. Ni jambo la zamani kuliko walokole wenyewe. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki na kuijenga Mbale, alitarajia kupewa ufalme wake. Hakupewa. Mwaka 1906 aliletwa huku kwetu Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, akakaa hadi 1913, kisha akarudi Mbale na uchungu wake na Biblia yake. Aliingia kwanza katika dini ya Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Lakini alizidi kusoma vitabu vya Musa. Husimuliwa kwamba alipoambiwa tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Alifariki mwaka 1928, na watu wake wakaendelea kuitunza Sabato. Idi Amin alipoipiga dini hiyo marufuku, wengine waliiacha, wengine walisali kwa siri. Leo wana sinagogi, shule na rabi wao wenyewe, Gershom Sizomu, ambaye aliwahi kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Kuna kichekesho kingine cha historia upande huu wetu. Mwaka 1903 Uingereza ilimpa Theodor Herzl wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya Uasin Gishu. Mpango ule unaitwa mpango wa Uganda hadi leo, ingawa eneo lenyewe lilikuwa limehamishiwa upande wa Kenya mwaka mmoja kabla. Mkutano wa Wazayuni uliukataa mwaka 1905. Mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Uasin Gishu iko ng'ambo tu ya Mlima Elgon ukitokea Mbale. Wale walikataa kuja karibu na mlima huu. Miaka 14 baadaye Waafrika waliokuwa chini yake wakageuka Wayahudi pasipo kuombwa na mtu. Wahubiri wetu, wanaosoma ishara hata katika kupatwa kwa mwezi, hili hawalitaji. Halina nafasi kwenye ramani ya kitambaa.

Siku moja tulikuwa tunajiandaa kwa mtihani wa fasihi simulizi. Mwenzangu aliona daftari langu la kanisani, mistari yenye mishale ya kalamu nyekundu kutoka Zekaria hadi Ufunuo. Alisoma kimya. Kisha aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa kwenye Zekaria 13 umeandika thuluthi mbili watakufa. Mimi nimo katika thuluthi ipi?"

Nilimwambia mstari huo unahusu nchi ile, na kwamba wapo wanaoufasiri kuwa ulikwisha kutimia zamani. Yote mawili ni kweli. Lakini hakuwa ameniuliza habari za tafsiri. Alikuwa ameniuliza kwa nini watu wanaoshangilia Wayahudi kurudi Yerusalemu wanashangilia pia yale wanayoamini yatawapata wakishafika. Tena, kwake yeye, hata kurudi kwenyewe si jambo rahisi: mwaka 2018 serikali ya Israeli ilikataa kumtambua mmoja wa watu wao aliyeomba kuhamia huko. Kwa hiyo Muyudaya huyo hakuwa Myahudi wa kutosha kwa ofisi ya uhamiaji, na kwa mhubiri wa hema hayupo kabisa.

Nimerudi kusoma sura zilezile bila ramani. Mambo mawili yamenikaa. Katika Luka 19 Yesu anapoukaribia mji na kuona yatakayoupata, analia. Mji ulibomolewa na Warumi mwaka 70, na aliyekuwa ameyaona mapema hakuyafurahia. Mhubiri wetu alikuwa akitabasamu, fimbo mkononi. La pili ni Ufunuo 21. Yohana anaoneshwa Yerusalemu mpya, na anasema wazi kwamba hakuona hekalu ndani yake, na malango yake hayafungwi. Hema zima lilikuwa likichangia, kwa maombi na kwa karo ya binamu yangu, jengo ambalo kitabu chenyewe kinamalizika bila kuwa nalo. Sidai kwamba unabii wote umekwisha maana. Nadai tu kwamba anayeuhubiri ausome mpaka mwisho.

Mwezi wa Machi mwenzangu alikuja kwetu kwa siku mbili. Mama alikuwa amechinja kuku. Mgeni aliomba radhi, akaeleza kwamba hula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wao tu. Mama alinitazama, akamtazama yeye, akaondoa bakuli, akaleta viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Walikula wakiongea kuhusu bei ya sukari na mafuriko ya Mto Nabuyonga kule Mbale. Mama huiombea Yerusalemu kila alfajiri, kwa hiyo hakuweza kujizuia.

"Mwanangu, wewe umeshafika Yerusalemu?"

"Bado, Mama. Nauli."

"Hata mimi," Mama alisema.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Mgeni alitaka kuondoka saa tano asubuhi, kwa sababu teksi za Mbale hujaza abiria polepole na alitaka kufika nyumbani kabla jua halijazama. Mama alimfungia viazi vilivyobaki kwenye jani la mgomba, akatuma boda impeleke hadi barabara kuu.